Alama za Miguuni

Madoa mekundu yalianzia kwenye vifundo vya miguu ya binti yangu, yakapanda hadi matakoni. Mafua yalikuwa yamemwacha juzi tu. Aliposema tumbo na magoti vinamuuma, nikatoka naye mtaani kwetu Jamhuri hadi kliniki moja ya mtaa wa Hurlingham.

Daktari alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi.

"Mama, ameanguka? Ama kuna mtu amemchapa?"

Nikawaka. Nilimwambia mimi si mama wa kuumiza mtoto, na kama ugonjwa umemshinda aseme, twende kwingine. Daktari alipapasa madoa kwa kidole, kisha akayabonyeza kwa glasi aone kama yatafifia. Hayakufifia.

Majibu ya damu na mkojo yalipotoka, alinieleza kwa upole. Kinga ya mwili imegeuka kushambulia mishipa midogo ya damu, ndiyo maana damu inavuja chini ya ngozi. Ni ugonjwa wa nadra, huwapata zaidi watoto, na wengi hupona. Mafigo tu ndiyo tutayachunga.

"Alama za kuchapwa hazivimbi hivi," akasema, "wala hazifanani kwenye miguu yote miwili. Pole, mama. Ilibidi niulize."

Nikainua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. "Nilikwambia."

Binti yangu naye akaona anitetee.

"Daktari, mama hachapangi miguu. Mama huchapa mikono, kwa mwiko."

Akanyoosha viganja vyote viwili, daktari ajionee.