Magoti ya Dada wa Utafiti

Kalamu yenyewe nagombana nayo, bado unataka niandike habari za yule dada wa utafiti. Haya. Alikuja kijijini kwetu Zagayu mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kutugombania. Alibeba sinia la vitu lililofunikwa khanga: anafunua, anafunika, unataja ulivyokumbuka. Alimwambia kila mtu maneno yale yale, kwa sauti ile ile, amesimama wima, maana mkubwa wake alimwonya kwamba akimtendea mmoja tofauti, kazi yote itatupwa. Mikono yake ilitulia, lakini magoti! Mbele ya kila mzee yalitaka kukunjika kwa heshima, naye anayakaza. Alipofika kwangu nikafumba macho. “Sitazami sinia la mtoto asiyenisalimia.” Magoti yakamshinda, akashuka chini, akanisalimia Kisukuma. “Mwangaluka, mayu.” Nikamtajia vitu vyote, bila kusahau hata kiberiti. Kumbe nimemharibia kazi! Akajipangusa vumbi, akawaza, akabadilisha vitu vya kwenye sinia, akarudi nyumba ya kwanza kuanza upya, sasa akimpigia goti kila mtu. Hata Maganga, kijana wa rika lake, naye akapigiwa. Maganga akauliza, “Dada, kwani ng'ombe wa mahari natoa wangapi?” Sasa wewe uliyenisumbua, umesoma mpaka hapa na hujanisalimia. Piga goti.