Fundi wa hita anayeoga maji baridi

Saa mbili asubuhi, Jumanne ya katikati ya Julai. Barafu bado imeng'ang'ania nyasi za uani kwa Bi Valmai Obst mjini Mount Gambier, kusini mwa Australia, ambako Julai ni katikati ya majira ya baridi, na fundi Lyle Kleinig amepiga magoti mbele ya ukuta wa nyumba. Ukimwona kwa mbali utadhani anasali. Ukimkaribia utasikia anatukana koki iliyogoma kufunga.

"Funga, mwanaharamu wewe," anaiambia, na koki inafunga.

Juu ya kichwa chake imetundikwa hita ya gesi, kisanduku cheupe kisicho na tangi. Maji yanapita kwenye bomba jembamba la shaba, moto unayawahi humo humo, yanatoka bafuni yakiwa ya moto. Ndivyo inavyotakiwa. Siku nne sasa, hita ya Bi Valmai inatoa maji ya moto kwa dakika mbili, kisha inazima.

Ndani, kwenye chumba cha dirisha linalotazama uani, amelala mume wake, Clarrie, mpasua mbao mstaafu mwenye miaka themanini na miwili. Saratani imemmaliza. Muuguzi anayemwogesha huja Jumanne na Ijumaa, saa nne kamili.

"Daktari hakutaja siku," Bi Valmai anasema kwa sauti ya chini, mikono imefichwa ndani ya aproni. "Lakini mwanangu Lyle, mimi nina macho. Ijumaa ni mbali."

Lyle anatikisa kichwa. Kazi hii ikienda upesi inachukua saa moja. Ana mbili.

Amefunga gesi, amechomoa umeme, amefunga maji ya kuingia na ya kutoka. Sasa anaunga mipira miwili ya maji chini ya hita. Mmoja unatoka kwenye pampu ndogo iliyozama ndani ya ndoo ya siki nyeupe, wa pili unarudisha siki ndoo ileile. Akiwasha pampu, siki inapanda, inazunguka ndani ya bomba, inashuka ikitoa povu. Baada ya dakika kumi imeshakuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele, na vipande vigumu vinadondoka ndooni.

Ni chokaa. Maji ya mji huu yanatoka ndani ya mwamba wa chokaa, na kila tone linaacha kidogo. Mwaka hadi mwaka unajengeka ukoko, kama ule wa wali chini ya sufuria, mpaka moto unaunguza ukoko badala ya kupasha maji. Dawa yake ni kuosha kila mwaka. Wengi husahau.

"Wewe mzee wa siki!" sauti ya Clarrie inatoka dirishani. "Unaosha hita au unatengeneza kachumbari?"

"Natengeneza kachumbari. Tulia, nakuja kukuweka ndani ya chupa."

"Fanya haraka basi. Sitaki kwenda kwa Mungu nanuka beberu. Atanirudisha."

Wote watatu wanacheka. Kisha Bi Valmai anageuka ukutani na kufuta macho.

Lyle ana miaka sitini na minne, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimalizia kwenye kuta za watu. Ana nyumba mia mbili na kumi na mbili kwenye orodha yake, na hutoza dola mia na themanini kwa nyumba. Wenye mgonjwa anawaweka mbele ya wote, na hao hawatozi kitu. Hilo la mwisho ni jipya. Lilianza mwaka jana, na lina sababu yake.

Orodha ilikuwa ya mkewe, Ros. Yeye ndiye aliyepiga simu, aliyenunua siki, na siku nyingine alimshikia ndoo. Na yeye ndiye aliyeanzisha desturi ambayo Lyle haiachi mpaka leo: akimaliza kuosha hita, anaandika tarehe upande wa ndani wa mfuniko kwa kalamu ya wino mzito. Ukifungua mfuniko wa mteja wake wa zamani utakuta safu ya tarehe, nyingi kwa mwandiko wa Ros.

Ya Bi Valmai ina tarehe nne, kisha miaka mitatu mitupu.

"Clarrie alipougua, nikaanza kusema wiki ijayo, wiki ijayo," anajitetea.

"Usinieleze mimi, mama," Lyle anamkatiza. "Mimi ndiye wa mwisho kwenye mji huu wa kuambiwa hayo."

Saa tatu na nusu siki bado inatema vipande. Anaimwaga, anajaza mpya. Saa nne kasoro kumi gari la muuguzi, Tamsin, linaegeshwa. Ana wagonjwa wengine watano leo.

"Dada, nipe dakika ishirini," Lyle anamwomba, hata salamu hajatoa.

"Nina kumi, Lyle."

"Nakuomba. Usiondoke."

Tamsin anamtazama usoni. Anamfahamu, mwaka jana alikuwa akienda nyumbani kwake. Anaweka mkoba chini. "Haya. Bi Valmai, kuna chai?"

Ilikuwa Juni ya mwaka jana. Ros alikuwa na saratani ya mifupa, na kulikuwa na kitu kimoja tu kilichomtuliza kuliko dawa: maji ya moto, mengi, yakimshukia mabegani. Tamsin alimkalisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, na Ros akanyamaza kulia. Jumapili moja hita ikafa.

"Yangu mimi," Lyle anasema, macho kwenye ndoo. "Fundi wa hita. Miaka tisa sikuwahi kuiosha. Kila mwaka nasema, nimalize za watu kwanza."

Alipofungua mfuniko kwa mara ya kwanza tangu aifunge ukutani, akakuta safu. Hazikuwa tarehe. Kila mwaka Ros alikuwa ametoka nje na bisibisi, akafungua skrubu nne, akaandika mwaka na neno moja: bado. Mara tisa. Bado, bado, bado, mpaka mwaka ule ule, mwandiko ukitetemeka.

Aliubeba mfuniko mpaka chumbani.

"Akaniangalia, akasema, 'Hatimaye! Nilidhani nitakufa hujausoma.' Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nalia, yeye anacheka. Nikamwambia, kwa nini hukuniambia, mke wangu? Akasema, 'Nimekuambia miaka tisa, Lyle. Hapo nilikuwa naweka kumbukumbu tu.'"

Bomba la shaba lilikuwa limeziba kabisa na kupasuka. Siki isingesaidia kitu. Bomba jipya ilibidi liagizwe Adelaide, na lilichukua siku tisa. Siku hizo zote Lyle alichemsha maji kwa birika na kumkanda Ros kwa taulo. Maji ya birika yanapoa kabla hujafika kitandani, na taulo halimwagiki mabegani. Ros alifariki siku ya nane. Kesho yake mwenye gari la mizigo akagonga mlango na boksi.

Boksi hilo mpaka leo liko gereji, halijafunguliwa. Mwaka mzima na zaidi, fundi huyu anaoga maji baridi.

Saa nne na dakika tano anasafisha mipira, anapitisha maji safi, anarudisha gesi na umeme. Anabonyeza swichi. Hita inatoa mlio, inawaka, inazima.

Bi Valmai anaweka kikombe chini.

Lyle anafunga maji tena, anafungua chujio la maji yanayoingia kwa vidole vilivyokufa ganzi. Kipande cha chokaa kama punje ya mahindi kimekaa katikati. Anakitupa majanini, anafunga, anabonyeza. Inawaka. Safari hii haizimi, na Tamsin anaingia ndani kumpeleka Clarrie bafuni.

Kutoka dirisha la bafuni unaanza kutoka mvuke, kisha sauti ya Tamsin, kisha Clarrie, aliyekuwa na mzaha asubuhi nzima, anasikika akisema kitu kimoja tu: "Ah, Valmai. Ah, mama yangu we."

Lyle anasimama pale, ndoo mkononi, machozi yanamtoka bila kuyaficha. Kisha anatoa kalamu, anaandika tarehe ndani ya mfuniko, anafunga skrubu nne.

Agosti binti yake Kirsty anakuja na mtoto wa wiki sita, mjukuu wa kwanza, na mtoto haogeshwi maji baridi. Kwa hiyo Jumamosi hii, Lyle anasema, atafungua lile boksi. Mfuniko hatabadilisha, ni uleule. Chini ya bado ya tisa kuna nafasi.

"Nitaandika tarehe," anasema akipakia ndoo kwenye gari. "Halafu nitaandika 'tayari'. Halafu sijui, nitakaa hapo nje kidogo. Maana nitatamani kuingia ndani kumwonyesha."