Ndoo Iliyofuka Moshi Bila Moto

Siku yangu ya kwanza kazini nilikwenda na kidumu cha uji, kwa kuwa sikuamini kama serikali ingenikumbuka mchana. Nilikuwa kijana wa Mitwero, pembezoni mwa Lindi, nimetoka sekondari juzijuzi, na safari niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kutoka kitandani kwenda jikoni. Karani Mkuu wa ofisi ya ujenzi alinitazama, akakitazama kidumu.

"Umesoma, eeh?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi vua viatu."

Nikajua nimefukuzwa. Kumbe alitaka nitembee peku juu ya sakafu ya ofisi. "Mguu una macho," akasema. "Panapokwaruza, saruji ilikauka juani bila kumwagiwa maji. Panapoteleza na ubaridi wake, hapo fundi alipiga niru akatulia." Niru, kwa ninyi mliozaliwa mkakuta vigae, ni uji wa saruji tupu unaomwagwa juu ya sakafu mbichi na kusuguliwa kwa mwiko mpaka ing'ae. Kazi yangu ilikuwa kutafuta mafundi wa kupewa kandarasi za sakafu. Kanuni ya Karani Mkuu ilikuwa hii: fundi akijisifu mwache amalize, kisha nenda nyumbani kwake ukaikanyage sakafu yake.

Kazi gani tena kama hiyo? Nilishinda majumbani mwa watu, nikinywa kahawa yao, miguu wazi, na mshahara unaingia. Nilifanya hivyo miaka kadhaa, mpaka zikaja siku za mwishomwisho za Mwingereza na nikahamishiwa Kilwa Masoko, sasa nami naitwa karani. Mama alilia. Mimi nilizidi, hata ikabidi anyamaze ili anibembeleze.

Huko tulikuwa tunajenga wodi ya wazazi. Bwana Injinia, Mwingereza mrefu asiyecheka, alitaka kandarasi zote za sakafu zipewe kampuni ya Dar es Salaam. Nikamwambia kwamba hapahapa yupo Fundi Athumani. Nilikuwa nimeshakwenda kwake. Sakafu yake ya chokaa, na ile ya niru barazani, zilikuwa baridi kama tumbo la mtungi.

Bwana Injinia akafikiri. "Haya. Huyu afanye wodi. Akiharibu, sakafu zote za pwani hii zinakwenda Dar. Na wewe unakwenda Songea."

Songea! Mimi ambaye Kilwa penyewe nilipaona ughaibuni.

Sasa ile wodi haikutaka niru. Ilitaka dawa mpya iliyokuja kwa meli, ipakwe juu ya zege ili damu na maji visinywewe na sakafu. Waliiita epoksi. Ilikuja kwenye makopo ya namna mbili, moja zito kama asali, jingine jepesi lenye harufu ya kukuchoma pua. Peke yake kila moja linakaa hata mwaka. Ukiyachanganya yanaanza kugandana, na hapo huna mjadala nayo. Niliyasoma maelezo, nikamtafsiria Fundi mara mbili: changanya, acha ikae kidogo tu, kama mtu anavyokunywa kikombe cha kahawa, kisha paka upesi.

"Shikamoo Fundi, tumeelewana?"

"Marahaba mwanangu. Tumeelewana sana."

Kumbe alikuwa ananionea huruma, kijana nisiyejua kazi. Fundi wa chokaa huyu, na baba yake fundi wa chokaa. Chokaa yetu ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, ikamwagiwa maji shimoni, ikalazwa. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika, na fundi anayepaka chokaa ya jana watu humcheka. Dawa ya meli nzima, ya wodi ya wazazi, anywe mtu kahawa moja tu kisha ipakwe? Alasiri ile, kwa moyo mweupe kabisa, Fundi akachanganya makopo karibu yote kwenye ndoo, akaiacha brashi humohumo, akaifunika kwa gunia ili ilale mpaka asubuhi.

Mimi nilikuwa chumbani kwangu nimevaa shuka, nakula. Nikasikia kelele: "Karani! Ndoo inaungua!"

Nilikimbia hivyohivyo. Wallahi, sijapata kuona jambo kama lile. Moto haupo, kuni hazipo, na ndoo inafuka moshi mzito, imepata joto la kuunguza mkono, gunia limebabuka. Mafundi wamerudi nyuma mpaka ukutani wanasoma aya. Fundi Athumani akaikamata brashi iliyosimama katikati ili aitoe. Ndoo nzima ikainuka pamoja nayo.

Bi Zuhura, mkewe Fundi, aliyekuwa kiongozi wa wanawake wapiga dari, wale wanaoitwanga chokaa ya dari kwa vijiti huku wakiimba, akanitazama. "Karani," akasema, "na suruali yako nayo umeilaza?"

Bwana Injinia akaja. Akaigonga ndoo kwa kidole. Ikalia kama jiwe. Uso ukamwiva.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi, bwana," Fundi akajibu. "Chokaa hulala."

"Na hii?"

Fundi akaitazama ndoo. "Hii, bwana, haina subira."

Makopo yaliyosalia yalitosha chumba kimoja, kile cha kuzalia. "Kesho," akasema Bwana Injinia. "Ikifuka moshi tena, naandika Dar."

Asubuhi Bi Zuhura alikuja na wanawake wake na rundo la vifuu vya nazi. Akamwambia mumewe, "Ndoo imekushinda, bwana wee. Kifuu hakina nafasi ya kulala." Kila mmoja akachanganyiwa dawa ya kujaa kifuu chake tu, wakapaka kwa wimbo uleule wa kupigia dari:

*Piga, piga, mwenye nyumba hajala,*
*piga, piga, akishiba tutalala.*

Wimbo ukiisha, kifuu kinatupwa nje hata kama kimebaki na dawa, kinachukuliwa kingine. Fundi alirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni akilainisha, jasho linamtiririka, midomo inaimba bila sauti. Mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa naimbia Songea.

Ilipokauka, Bwana Injinia alikuja mlangoni. Kisha, mbele yetu wote, akavua viatu, na soksi, akaingia. Nikavifuata vidole vyake vyeupe kila hatua. Alikwenda mpaka dirishani akarudi.

"Vyumba vilivyobaki," akamwambia Fundi, "piga niru. Ile unajua." Akavaa viatu akaondoka. Kampuni ya Dar haikuletwa.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa juu ya sakafu ile. Nilistaafu nikarudi Mitwero, ambako roho yangu haikuwahi kuondoka. Fundi Athumani hakuitupa ile ndoo. Aliikalia barazani kwake mpaka alipofariki, Mungu amrehemu, na Bi Zuhura akaniletea. Bati limeshaoza, limebaki jiwe lenye umbo la ndoo na brashi imesimama. Vijana wa vigae wakija kuniomba kazi nyumbani kwangu huwa nawakalisha hapo. Wanauliza, "Babu, hii nini?" Nawajibu hiyo ni kazi ya fundi bora kuliko wote niliopata kuwaajiri.

Kisha nawaomba anwani zao, natafuta fimbo yangu, na viatu naviacha nyumbani.