Jambazi wa Koti Jekundu

Juzi, nikisubiri mzigo wangu upimwe hapa Sanyuanli, Guangzhou, China, nilimkuta bosi wa ofisi ya mizigo akitazama filamu ya zamani ya majambazi weusi wa Marekani, ile ya damu nyekundu kama nyanya ya kopo. Nikamtambua yule wa koti jekundu la ngozi.

Nilimwona utotoni, alasiri moja, kwenye banda la video lililonuka jasho na bisi, jenereta likinguruma nje na baba akitafsiri kwa maiki nyuma yetu. Mama alikuwa ametukimbia wiki ile. Jambazi alipopigwa risasi aliangukia ukuta, akatugeuzia mgongo, akasema kwa sauti ya baba: "Usilie, binti yangu. Mama atarudi."

Nikaamini hata Marekani wanamjua mama.

Juzi nilingoja hadi pale anapopigwa risasi. Yule mtu alikufa kimya, hakusema neno hata moja.