Kisu cha Kumlinda Mama

Mwaka ule askari walipoanza kuingia majumbani mwa watu kuazima redio wasizorudisha, niliamua kununua kisu. Baba alikuwa amefariki. Nyumba yetu ya Bukoto ilibaki na mama, mimi na kuku wake sita, na ukimwondoa jogoo, mwanamume wa kuilinda nilikuwa mimi.

Nilikwenda Kamwokya, kwenye duka ambalo mwenyewe Mhindi alikuwa amefukuzwa nchini, likapewa bwana mmoja aliyekuwa fundi baiskeli. Nusu ya vitu alivyokuwa akiuza hakuvijua. Nikamweleza nataka kisu cha mfukoni: kiwe kidogo, askari wakinipekua wasikione, kiwe kikubwa, askari wakikiona waogope. Alifikiri sana, akasema cha namna hiyo kimekwisha wiki iliyopita.

Kati ya vilivyobaki, cha mpini wa pembe kilikuwa kizuri, lakini hakikufunguka bila koleo, na sikudhani mwizi angenisubiri. Kingine kilikuwa na zana saba, mojawapo ndoano ambayo sote wawili hatukuijua. Miaka mingi baadaye niliambiwa ni ya kutolea mawe kwenye kwato za farasi. Nikachukua cha mpini wa mti, kinachofunguka kwa kidole gumba. Kwa siku tatu nilitembea kifua mbele, hata kukohoa kwangu kulibadilika.

Siku ya nne nilifika kwenye kizuizi cha barabarani karibu na Kalerwe, na askari akakipata kisu kabla ya kitambulisho.

"Kisu hii ya nini?"

Watu walikuwa wakipakiwa kwenye magari kwa makosa madogo kuliko kisu. Nilikuwa nimevaa kofia yangu ya Ijumaa, ikanipa jibu.

"Ya kuchinja kuku, afande."

Akaitazama kofia, akacheka. "Wewe Muislamu? Sawasawa. Kuku iko nyuma ya hema."

Mimi, mjukuu wa walimu wa dini kutoka pwani, sikuwahi kuchinja hata njiwa. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikaelekea kibla, nikasema bismillahi kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, nikachinja vibaya. Wao waliridhika. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya swala waliniita shehe na kunipitisha bila kunipekua, mradi nichinje kwanza. Kuku walitoka wapi sikuuliza. Niliogopa jibu, maana nililijua.

Nikamsifia mama kisu changu, jinsi nilivyochagua vizuri.

Ijumaa moja nikapewa kuku mweupe mwenye kitambaa cha kijani mguuni. Mama aliwafunga kuku wake vipande vya kanga yake kuukuu, wasichanganyike na wa majirani. Nilimtambua, naye, Mungu anisamehe, alinitambua, akatulia mikononi mwangu. Askari wanne walikuwa wamesimama wananingoja.

"Shehe, chinja basi. Sisi iko na njaa."

Nikachinja. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa hodari, hakutaabika. Wakachoma firigisi wakanipa, heshima ya mchinjaji. Nikaila mbele yao na kushukuru, huku nikiona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo. Kitambaa nilikitia mfukoni.

Nyumbani nilimkuta mama ameketi uani kwenye mkeka wake. Akasema askari walikuja asubuhi, wakachukua kuku mmoja tu, tena kwa adabu.

"Alhamdulillahi hukuwepo, mwanangu. Ungetoa hicho kisu chako, wangekuua."

Nikasema alhamdulillahi.

Vitambaa vya wale watano waliobaki vilikuwa vimechakaa, akataka kuwafunga vipya. Akaweka kanga mapajani, akaninyooshea mkono nimpe kisu akatie. Nikampa. Nilikuwa nimekiosha vizuri.