Maswali Matatu Kisimani

Parokia yetu hapa Kitengela huwa na vijana wengi mpaka siku ya Kipaimara. Askofu akishaondoka, nao huondoka. Mimi ni fundi wa kushona nguo, na Jumapili ndimi mlezi wa hao vijana. Mwaka huu nilikuwa nikifungua ukumbi baada ya Misa ya pili na kukaa na wachache wale wale. Vitabu tulivyokuwa navyo vililetwa na wageni kutoka ng'ambo: Kiingereza kizuri, picha za vijana wakicheza kwenye theluji. Padre akaniita, akaniambia bila ukali kwamba hali isipobadilika kufikia Pasaka, ukumbi utapewa chekechea.

"Mwikali, sikulaumu," alisema. "Lakini tafuta njia nyingine."

Akanitajia katekista aitwaye Naserian, anayelea vijana wa kigango kimoja mbele ya mji wa Kajiado. Padre alikuwa amesikia kwamba vijana wake hawapungui. Niliamua kwenda kumwomba vifaa anavyotumia.

Jumamosi asubuhi nilipanda pikapu ya jirani yangu Musyoka, ambaye hupeleka vifaranga kwa wafugaji wa kuku. Jua lilikuwa limeshakausha kila kitu kando ya barabara. Vifaranga walilia nyuma yetu njia nzima, na Musyoka hakuwa mtu wa maneno mengi.

Isinya tulisimama ashushe makreti ya kwanza. Mbele ya lango la shamba la maua niliwaona wasichana wawili waliopata Kipaimara kwetu mwaka jana, wamevaa aproni za kazi.

"Dada Mwikali, unaenda wapi?" mmoja wao, Mercy, aliniuliza.

"Kajiado. Na nyinyi mbona hamkuji kanisani?"

"Jumapili tuko kazi. Valentine imekaribia, maua lazima yatoke."

Kengele ikalia, wakaingia. Nilirudi kwenye gari nikiwa na swali ambalo sikuwa nalo nilipotoka nyumbani: vijana wako wapi saa ninapowafungulia ukumbi?

Mchana niliagana na Musyoka mjini Kajiado, nikachukua bodaboda. Lami iliisha, ikaja njia ya changarawe, kisha vumbi tupu katikati ya miti ya miiba. Nilitarajia kupelekwa kanisani. Mwendesha boda akanishusha kwenye kisima, palipokuwa na mashine ya kuvuta maji, mabirika marefu ya saruji na ng'ombe wengi wakingoja zamu.

Naserian alikuja kunipokea, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya jua juu ya leso.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaa.

"Iko," nikaitikia. Nashukuru hilo nalijua.

"Kanisa liko kule, lakini Jumamosi huku ndiko vijana wako," alisema. "Wakati wa kiangazi wanangoja maji nusu siku. Mimi nakuja kungoja na wao."

Tulikaa mahali pa wazi, kila mtu akituona. Naserian aliniambia hakutani na kijana ndani ya nyumba ya mtu, na lazima mtu mzima mwingine awepo. Kijana akieleza kwamba ameumizwa, hamwachii sala tu. Huandamana naye hadi kwa muuguzi wa zahanati.

Kisha akawasha simu yake. Ilikuwa rekodi ya sauti ya msichana wa hapo akisoma Injili, kwanza kwa Kimaa, halafu kwa Kiswahili: habari ya mtu aliyetaka ndugu yake agawane naye urithi. Rekodi hizo vijana hutumiana kwa simu, hata anayechunga mbali akasikia. Baada ya somo, Naserian aliuliza maswali matatu. Nani katika habari hii anafanana na wewe wiki hii? Ungekuwepo, ungesema nini? Utafanya nini kabla hatujakutana tena?

Kijana mmoja aitwaye Leshan alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi ni huyo ananung'unika. Ndugu yangu aliuza shamba la baba, likakatwa ploti. Na yuko hapo."

Alionyesha kwa fimbo. Kwenye mashine ya maji mwanamume mmoja alikuwa akifunga bomba. Alisikia. Mikono yake ilisimama, kisha akaendelea kufunga.

Mimi nilikuwa na maneno tayari kuhusu msamaha, na nilikuwa karibu kuyasema. Naserian alinishika mkono kidogo, nami nikaacha.

"Na utafanya nini?" akamuuliza Leshan.

"Sitamsamehe. Si leo."

"Sawa. Utakuja Jumamosi?"

"Nitakuja."

"Basi hiyo inatosha leo."

Zamu ya ng'ombe wa Leshan ilipofika, ndugu yake alifungua maji. Aliyaacha yatiririke hadi birika likajaa kabisa, na Leshan alisimama karibu naye muda wote huo.

Kabla sijaondoka niliomba anitumie rekodi zake zote. Naserian alikataa.

"Hizi ni sauti za watu wa hapa. Vijana wako wakisikia, watasema ni mambo ya wafugaji. Chukua maswali. Sauti, tafuta kwako."

Jioni nilirudi Kitengela nikiwa na maswali hayo tu. Njiani sikufurahi. Nilikuwa nimeenda kuchukua kitu cha kubeba, na nilichopewa ni kazi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Isinya jioni, wasichana walipotoka shambani. Tulikaa kwenye benchi nje ya kibanda cha kinyozi, mimi na mama mmoja wa jumuiya na vijana wachache waliochoka. Mercy, kama nilivyomwomba, alikuwa amejirekodi kwenye simu yake akisoma Injili wakati wa mapumziko. Nyuma ya sauti yake zilisikika feni za shambani. Nilijifunza kwamba kifaa cha kwanza cha mlezi ni saa na mahali ambapo vijana wapo, na cha pili ni kunyamaza baada ya kuuliza.

Niliuliza swali la kwanza. Ukapita muda mrefu. Halafu Mercy akaanza kusema, taratibu, kuhusu msimamizi wao na mambo ya aibu anayowaambia wasichana, na kinyozi akazima redio.