Niliwaambia Polisi Gari la Kimutai Limeibiwa

Jumamosi moja ya mwezi wa tano mwaka jana, saa nne kasoro asubuhi, nilipiga 911, namba ya dharura ya huku Marekani, nikaripoti kwamba gari la rafiki yangu Kimutai limeibiwa.

Halikuwa limeibiwa.

Alikuwa analiendesha yeye mwenyewe, kavaa suti, mke wake Chepngetich amekaa pembeni. Na mimi niliyepiga simu ndiye niliyewafungulia mlango wa gereji asubuhi hiyo hiyo na kuwapungia mkono.

Usinihukumu kwanza. Ukimaliza kusoma hukumu utakavyo, nimeshazoea.

Naitwa Gwakisa, mtu wa Tukuyu, mwaka wa kumi na moja sasa niko Beltsville, Maryland. Kazi yangu ni kutengeneza viyoyozi. Ugonjwa wangu ni magari ya kuunga.

Kama hujui, gari la kuunga linaletwa nyumbani kwako likiwa vipande ndani ya makasha: bodi, fremu, waya na kitabu cha maelekezo. Injini unaitoa kwenye gari kuukuu. Halafu unaunga mwenyewe, boliti kwa boliti, mwaka mzima, miaka miwili, mpaka mkeo akuulize unaishi wapi.

Tuko tisa kwenye klabu, Wakenya na Watanzania, na gereji ya nyumbani kwangu ndiyo makao makuu. Klabu inaitwa Spana na Chai. Chai haikosekani, spana ndizo zinapotea.

Mimi ndiye mwalimu. Cheo hicho walinipa wenyewe, kikaniingia kichwani. Kila wiki naandika dondoo kwenye grupu la WhatsApp. Piga picha kabla hujafungua kitu. Boliti za kila sehemu ziweke kwenye kopo lake la aiskrimu, uandike juu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama unachungulia tu.

Watu wanaweka dole gumba, nami najiona profesa wa chuo kikuu cha pale College Park.

Mwanafunzi aliyenishinda uvumilivu ni Mama Dorothea.

Mama wa Kichaga, miaka hamsini na nane, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Watoto wake walipohama alijiunga nasi, akasema kukaa peke yake kunamzeesha. Kwake kila gari ni mgonjwa. Hasemi amesafisha injini, anasema amemwogesha. Akizungushia waya utepe, amemfunga bandeji. Na jumbe zake za sauti, jamani! Dakika nne, dakika tano, na zote zinaanza na hali ya hewa.

Nilikuwa sizisikilizi. Naweka kopa jekundu, napita.

Sasa Kimutai. Ni nesi, mtu wa Kericho, mrefu mpaka anainama akiingia gerejini kwangu. Gari lake la bluu lisilo na paa aliliunga kwa miaka miwili, na kila Jumamosi nilikuwa naye. Mzee wangu alipofariki nikashindwa kusafiri kwenda kumzika, Kimutai ndiye aliyekuja kukaa nami. Tulishinda gerejini siku nzima tukisugua injini kwa brashi, hakuniambia pole hata mara moja, na sikuhitaji. Nampenda yule mtu, nasema wazi.

Jumamosi ile walikuwa wanakwenda harusini Woodbridge, kule Virginia. Ilikuwa safari ndefu ya kwanza ya gari lile.

"Fundi, tukifika nitakutext," Kimutai akasema.

"Nenda mdogo mdogo. Usilikimbize."

Chepngetich akajifunga kitambaa kichwani, akacheka. "Gwakisa, hii kitu ikinimwaga kwa barabara, wewe ndio nitarudi kusumbua usiku!"

Wakaondoka. Nikabaki nafagia, roho nyeupe kabisa.

Ili nisichoke na ufagio, nikawasha jumbe za sauti zilizolala kwenye simu. Ya Mama Dorothea ilikuwa ya jana yake, Ijumaa jioni. Wanachama wote wa klabu wana namba za siri za mlango, kwa hiyo alikuwa amepita gerejini alipotoka kazini, mimi sipo. Akaanza na mvua. Akaja kwenye goti lake. Dakika ya tatu ndipo akasema:

"Sasa baba, yule mgonjwa wa Kimutai, breki zake za mbele si zilikuwa zinalia? Nikasema kesho anakwenda harusini, atatuaibisha. Nimezifungua, nikazipaka mafuta vizuuuri, nikazifunga. Sasa kimya! Hata mtoto mchanga halali hivyo."

Ufagio ukanitoka mkononi.

Nikuelezee kama huna gari. Breki zinasimamisha gari kwa kusugua. Pedi inabana chuma, chuma kinaacha kuzunguka. Ukiipaka pedi mafuta, unakanyaga na gari linaendelea na safari yake kama hujasema kitu.

Nikageuka kwenye meza ya kazi. Kopo la oili liko pale, kifuniko wazi. Pembeni yake kuna kitambaa kimelowa chapachapa.

Presha ikapanda hapo hapo. Nikapiga simu ya Kimutai. Inaita, inaita, inakata. Gari wazi, upepo, injini inanguruma, simu iko mfukoni mwa suti, ataisikia wapi? Nikapiga ya Chepngetich. Hivyo hivyo.

Nikampigia Mama Dorothea. Imezimwa. Akiwa zamu simu anaifungia kabatini.

Kichwa kikajaribu kunisaidia. Kikaniambia, Gwakisa, si umewaona wakisimama vizuri pale kona, kwenye kibao cha STOP? Nikakijibu: mafuta yakipata moto ndiyo yanasambaa. Breki zitashika kona tano, ya sita zitakataa. Nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama Dorothea ameharibu, na mtu akishaamua, sababu hakosi.

Nikarukia gari la kazini nikaingia Beltway, barabara kuu inayozunguka Washington. Nikapiga 911.

Simu ya kwanza nilisema ukweli. Nikamwambia mama aliyepokea kwamba kuna gari la bluu lisilo na paa, linakwenda kusini kuelekea Woodbridge, breki zake ni mbovu na dereva hajui.

"Zimeshakataa?" akauliza.

"Bado."

"Dereva amekupigia?"

"Hapana. Kuna mtu kazipaka mafuta."

Akauliza mengine mawili matatu, sauti imetulia kama anaandika orodha ya sokoni. Akasema taarifa ameipokea na ataifikisha upande wa Virginia. Nikakata simu nikiwa na hakika hakuna atakayenyanyuka kwenye kiti.

Nikaona magari mawili ya polisi yamejibanza pembeni, yanapima spidi. Nikawaza, hawa wanaamka kwa jambo gani? Nikapata jibu. Mpaka leo natamani nisingelipata.

Nikapiga tena.

"Kuna gari limeibiwa," nikasema. "La bluu, halina paa. Liko barabarani sasa hivi."

Akajibu mwingine, anaandika haraka haraka. "Dereva yukoje?"

"Mwanaume. Mweusi. Mrefu."

"Ana silaha?"

"Sijui."

Nilimaanisha hapana. Lakini mtu anayeripoti gari limeibiwa atajuaje mwizi ana nini? Uongo una mpangilio wake, ukishaingia unaufuata. Nikasema sijui.

Nikakata. Nikapita kama maili mbili hivi najisifu, nasema Kimutai kaokoka.

Halafu akili ikanirudia.

Nimewatuma watu wenye bunduki kwa rafiki yangu. Nimewaambia ni mwizi, tena labda ana silaha. Na kama breki hazishiki kweli, wakiwasha ving'ora wakamwamuru asimame, atasimamaje? Watasema anakimbia!

Nikalia. Mtu mzima, ndevu zina mvi, nalia nimeshika usukani, naita jina la Mungu na la mama yangu kwa zamu.

Nikapiga mara ya tatu. Nikasema gari halijaibiwa, mwenyewe ndiye anaendesha, nilidanganya, naomba msimguse.

"Bwana," akaniambia, "umepiga simu tatu. Ipi ni ya kweli?"

"Ya kwanza!"

Nikasikia anabofya kompyuta. "Askari wameshamfikia. Nawaambia sasa. Usikate simu."

Niliikata. Sikuwa na akili ya kukaa kwenye simu.

Mbele kidogo ya Springfield, nimeshaingia Virginia, magari yakasimama yote. Nikaacha gari pembeni mlango wazi nikakimbia kwa miguu kando ya ukuta wa barabara, watu wananipigia honi.

Cha kwanza nilichokiona ni gari la bluu. Limesimama pembeni, limenyooka, katikati ya mistari kama limepaki kanisani. Limesimama, jamani. Breki zilishika.

Cha pili ni Kimutai. Amepiga magoti kwenye lami, mikono kichwani, koti la suti limempanda mgongoni. Chepngetich amelala kifudifudi, kitambaa kimemtoka, analia kwa Kikalenjin. Bunduki tano zimewaelekea.

Nikapiga kelele. "Ni lake! Gari ni lake! Msimpige!"

Kwa Kiswahili. Nilichanganyikiwa kiasi hicho.

Bunduki moja ikanigeukia. Nikaganda, mikono juu, mkojo ukanitoka kidogo, sifichi.

Kimutai alinitambua kwa sauti tu. Hakugeuza shingo. Akasema polepole, ile sauti anayotumia kwa wagonjwa wake:

"Gwakisa, nyamaza. Usisonge. Piga magoti na unyamaze, please. Watakushoot."

Yuko kwenye lami kwa ajili yangu, na bado ananichunga mimi.

Baada ya muda ambao siwezi kukuambia ni dakika ngapi, redio ikaongea mabegani mwao, bunduki zikashuka. Wakakagua karatasi za gari. Wakawaachia. Mkubwa wao akanijia, uso umekunjamana, akaniambia simu yangu ya kwanza ilikuwa imeshafanyiwa kazi. Gari la msaada wa barabarani lilikuwa njiani, limebakiza dakika kumi kuwafikia na kuwaongoza taratibu pembeni. Akanipa karatasi ya kwenda mahakamani kwa kutoa taarifa ya uongo.

Kimutai alikuwa anapangusa magoti ya suruali. Nikamweleza yote, maneno yanagongana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Si ulishawaambia breki ni mbovu, wakatuma mtu wa kunisaidia? Halafu ukawaambia mimi ni mwizi."

Hakupaza sauti. Akamwinua mkewe, wakarudi nyumbani kwa teksi. Harusini hawakufika.

Saa saba mchana Mama Dorothea akanipigia, yuko mapumziko, anatafuna kitu.

"Mama, zile breki ulizipaka mafuta?"

"Ndiyo, baba."

"Mafuta gani?"

"Yale meupe, mazito, ya kwenye tyubu. Nimepaka mgongoni mwa pedi na kwenye pini zake. Usoni sikugusa kabisa, nilivaa na glovu."

"Mama! Hiyo ni grisi, ndiyo inayotakiwa!"

"Haya, grisi. Mimi wazee wangu nawapaka mafuta ya tyubu kila siku, yote ni mafuta."

"Na kopo la oili lililokuwa wazi?"

"Nilitilia bawaba za boneti, zilikuwa zinakwaruza. Kwani kuna nini? Na hayo mafuta ya breki si uliandika mwenyewe?"

Nikafungua grupu. Nikapanda juu, wiki baada ya wiki, mpaka mwezi wa tatu. Dondoo langu, jina langu: *Breki zikilia, paka mafuta kidogo mgongoni mwa pedi na kwenye pini. Uso wa pedi usiguse.*

Mafuta. Nilikuwa na haraka siku hiyo, sikuhangaika kutafuta neno. Watu wanane, pamoja na Kimutai, walikuwa wameweka dole gumba. Mama Dorothea alifuata neno kwa neno, kazi safi kuliko yangu. Nilijiona mdogo kama kidonge cha piritoni.

Kesi ilipokaribia, mwanasheria wangu akasema barua kutoka kwa Kimutai ingenisaidia. Nilishindwa kumwomba. Mama Dorothea alikwenda yeye, kwa miguu yake na goti lake bovu.

Barua ikaja. Kwa hakimu Kimutai aliandika Kiingereza kifupi: Gwakisa aliogopa kwamba nitakufa. Namwamini. Naomba asifungwe. Sikufungwa, nilipewa saa za kazi za jamii.

Nakala yangu ilikuwa na mistari miwili chini, ya kalamu, kwa Kiswahili:

"Chepngetich bado akisikia siren anashika kichwa na kulala chini. Usinipigie, nitakupigia mimi."

Ni miezi tisa sasa. Hajapiga.

Wewe unayesoma, ukimhofia mtu wako, taja hofu yenyewe kama ilivyo, usiiongezee chumvi ili watu wakimbie. Na mtu akikuambia neno ambalo hukulielewa, hata kama amelianza na mvua na goti, msikilize mpaka mwisho kisha muulize alimaanisha nini. Ningefanya hivyo Ijumaa ile jioni, Kimutai angekuwa bado ni rafiki yangu.